Ukuta wa Chumba cha Bibi

Nyumba ya pili kutoka kona,
Mtaa wa nyuma ya shule.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa kwako. Je, kile kifundo cha mguu kilichoteguka kwenye ngazi za kazini kimepona, au bado unachechemea? Bibi huniuliza kila siku kama umeandika, nami humwambia barua zina miguu yao. Sisi hatujambo. Nimemaliza shule, nipo tu nyumbani nasubiri matokeo. Kwenye simu huwa nakujibu "ndiyo" na "hapana" basi, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Habari kubwa ni ya ukuta wa chumba cha Bibi. Ulianza kulowa mwanzoni mwa mwaka. Doa lilikuwa dogo kama sahani, chini ya picha yako ya harusi, kisha likashuka mpaka sakafuni na chumba kikaanza kunuka uvundo. Bibi akashikwa na kikohozi. Baba akasema ni paa. Akapanda akaziba kwa lami, mara mbili, doa likabaki. Akapaka ukuta rangi, akiizunguka picha yako kwa brashi, kwa sababu Bibi alikataa isiguswe. "Mwanangu yuko mbali vya kutosha," alisema. "Usimwongezee safari."

Kikohozi kilipozidi, Baba na Baba Mkubwa wakakubaliana Bibi ahamie kwa Baba Mkubwa, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita. Unaijua nyumba ile. Chumba kiko juu, ngazi kumi na tisa, na mchana kutwa hakuna mtu wa kusema naye. Bibi hakubisha. Alianza kukunja nguo zake taratibu, na hilo ndilo lililoniumiza. Bibi asiyebisha si Bibi.

Shangazi, hapa naona aibu. Mimi nilikuwa nimeshaona kitu. Juu ya ile picha, karibu na dari, ukuta ulikuwa mkavu kabisa. Maji ya paa yangepitaje pale bila kupalowesha? Siku moja wote walipotoka nilihakikisha mabomba ya jikoni na bafuni yamefungwa, nikaenda kuchungulia mita ya maji kwenye kisanduku chake kando ya lango. Kigurudumu chekundu kilikuwa kinazunguka polepole. Maji yanatumika na hakuna anayeyatumia. Nikajua bomba lililofukiwa ndani ya ukuta ndilo linalovuja. Lakini ningemwambiaje Baba, naye ameshapanda paa mara mbili? Nilifika mlangoni pake mara tatu, na mara zote tatu nikamuuliza kama anataka chai. Siku kumi zikapita hivyo.

Ijumaa, siku moja kabla Bibi hajaondoka, nilikuwa namsaidia kufunga mizigo. Picha yako aliishusha mwenyewe akaizungushia shuka. Akaniambia ning'oe na msumari, asije mtu akajichoma. Nikaushika kwa koleo, nikavuta. Ulikuwa umeliwa na kutu, ukatoka kama jino bovu, na nyuma yake maji yakachomoka, mstari mmoja ulionyooka hadi kitandani, na kitandani ndipo Bibi alipokuwa amekaa.

"Wewe mtoto," akasema, anajifuta uso, "nimekwambia ung'oe msumari, hukuambiwa uchimbe kisima."

Nikakimbilia kwenye mita. Koki kuu iko ubavuni mwake, na ilikuwa imeganda kwa kutofungwa miaka mingi. Niliifunika kwa upindo wa sketi, nikaizungusha kwa mikono miwili mpaka ikakubali. Viganja vilitoka malengelenge, lakini maji yalikatika.

Mama alimpigia Baba, naye akarudi na fundi bomba, mwanamke mfupi ambaye mtaa mzima unamwita Mama Spana. Akaugeuza ule msumari mkononi. "Nani alipigilia huu?" Alipigilia Baba mwenyewe, mwaka jana, siku picha yako ilipofika. Mama Spana akatueleza kwamba msumari ulitoboa bomba la plastiki linalokwenda bafuni, upande wa pili wa ukuta, na msumari wenyewe ndio ulioziba lile tundu. Kadiri ulivyoliwa na kutu, maji yakapata upenyo.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," akamwambia Baba kwa upole.

"Tuliziba, fundi," Bibi akadakia. "Tuliziba kwa rangi."

Baba alicheka kidogo, shingo upande. Usimcheke na wewe ukiandika, tafadhali. Inamuuma.

Mama Spana alikata kipande kibovu akaunga kipya, akasema ukuta uachwe wazi ukauke, madirisha yafunguliwe, plasta itafuata baadaye. Ndipo Baba akasema, "Basi, mama yangu aende tu kesho. Chumba hiki hakilaliki."

Nikasema, "Baba, Bibi alale kwangu. Mimi nitatandika godoro chini." Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikamwambia na habari ya mita, na zile siku kumi.

"Siku kumi unajua, na unaniletea chai?"

"Ndiyo, Baba. Samahani."

Baba akatoa simu, akamwambia Baba Mkubwa asije na gari.

Sasa ni wiki ya saba tunalala chumba kimoja. Bibi anakoroma, kisha asubuhi ananiambia mimi ndiye ninayekoroma. Kikohozi kimepungua mpaka tunakisahau. Picha yako ililowa pembe moja tu.

Juzi plasta ilikamilika, ukuta ukawa mkavu hadi chini, na Baba akarudisha kitanda cha Bibi mahali pake. Bibi akaingia, akanusa, akasema harufu ya saruji bado ni kali, atalala kwangu wiki moja zaidi. Alipotoka niliingia mimi, nikanusa kila pembe. Hakuna harufu yoyote. Sikumwambia mtu, na safari hii nimenyamaza kwa kupenda mwenyewe.

Mama anakusalimu, Baba pia. Bibi anasema ule vizuri, mengine yatajipanga. Msalimie Mjomba na wale mapacha, waambie nawadai barua. Mungu aitunze nyumba yako, na kheri yako isikauke.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye kuliko anavyoweza kusema kwenye simu,

Kimya