Sauti ya Golikipa Masanja

Jumatatu, 4 Machi 1957
Sijaandika tangu Desemba. Ni uvivu, si ugonjwa. Naliomba radhi daftari hili.
Nimepalilia pamba hadi saa nne. Kisha akaja Yusufu, karani wa ukumbi wa wafanyakazi hapa Mwadui. Ameukuta stoo, chini ya nyavu kuukuu, utepe wa mahojiano ya redio ya mwaka 1953 na wachezaji wa zamani. Mkalimani nilikuwa mimi. Watu wa redio watakuja kuuchukua Jumatatu ijayo. Watatangaza sehemu za Kiswahili tu. Yusufu amefurahi. Mimi sikufurahi.

Jumanne, 5 Machi
Nimeusikiliza. Masanja, golikipa wa Songwa, ni marehemu mwaka wa pili sasa. Amekohoa ndani ya mashine kana kwamba yuko mlangoni. Nikasimama.
Anasema kwa Kisukuma, polepole, juu ya bao la mwaka 1948 lililowashinda Songwa: mpira ulipita nje ya mlingoti wa goli, ukaingilia tundu la wavu ubavuni. Refa alikuwa mbali na hakutaka kuulizwa.
Refa nilikuwa mimi.
Kisha sauti yangu, Kiswahili safi: "Anasema lilikuwa bao halali. Alizidiwa."
Nilidanganya. Sina neno jingine.

Alhamisi, 7 Machi
Kile kikohozi nakisikia hata shambani.
Nimerudi kusikiliza mwisho wake. Siku zote niliamini Masanja hakujua Kiswahili. Baada ya tafsiri yangu Masanja anasafisha koo. Halafu anacheka kidogo na kusema kwa Kiswahili: "Mwalimu kasema. Basi."
Alielewa. Akaniachia. Nami nilisoma sala kaburini pake.

Jumamosi, 9 Machi
Mjane wake, Mama Kabula, amekuja kwa miguu kutoka Songwa.
"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kumsikia mume wangu."
Nje ya ukumbi wachimbaji walikuwa wakicheza karata. Wageni wa huku, wamekuja kwa kazi. Mmoja akapaza sauti: "Mama Mlango Wazi huyo! Leo mmeuza mechi gani?" Wakacheka. Ni miaka tisa tangu bao lile, watu wakisema Masanja aliuza mechi, na jina hilo bado linamfuata mjane wake.
Alisikiliza hadi mwisho. Hakulia. Aliomba kikohozi kirudiwe. Kisha akafunga kanga yake vizuri.
"Mimi nimemsikia. Hao wa nje hawajui Kisukuma. Watakusikia wewe."
Akaondoka. Hakuniaga.

Jumapili, 10 Machi
Ibada. Sikushika hata neno moja la mahubiri.
Kesho saa tatu gari la redio litafika. Naweza kuwakabidhi utepe na kunyamaza, hakuna msikilizaji atakayejua. Naweza kuwaomba wawashe mashine nitafsiri upya, nao wajue refa alikuwa nani.
Nimepiga shati pasi. Manyunyu kidogo, kisha jua.
Nimejaribu kusema kwa sauti, peke yangu mezani: "Mpira ulipita nje." Mara ya kwanza haikutoka. Mara ya pili imetoka, lakini ndogo.
Nikishaamua nitaandika. Kabla ya hapo sina la kweli la kuweka hapa.