Musyoka Hajarudi

Jumatatu, 14 Machi 1983

Nachagua mbegu za ndengu tangu asubuhi. Zilizotobolewa na wadudu, kwa kuku. Nzima, kwenye kibuyu. Zamani tulichagua wawili. Musyoka, mume wangu, alizisukuma kwa kidole chake kidogo, kile kilichopondwa na nira ya ng'ombe kikapona kimepinda. Chai ikiisha alikigonga kwenye kikombe. Maana yake, ongeza. Tangu tumzike mwaka jana, hakuna anayegonga.

Mwende, mke wa mwanangu Kioko, yuko karibu kujifungua.

Ijumaa, 18 Machi

Mvulana. Mzima. Mungu asifiwe.

Jumapili, 20 Machi

Siku ya tatu. Wanawake wamekuja kumpa mtoto jina, kama desturi yetu. Mvulana wa kwanza ni jina la babu yake. Musyoka, yaani anayerudi. Wifi yangu Syombua alimwinua.

"Mama Kioko, mumeo amerudi! Meno ameyasahau huko, lakini ni yeye."

"Mpikie uji," mwingine akasema. "Ametoka mbali."

Wakacheka wote. Syombua akaninyooshea mtoto. "Mshike. Na uache kulia sasa, umerudishiwa."

Sikumshika. Nilisema moshi umeniingia machoni, nikatoka.

Nina hasira. Kama amerudi, ni nani yuko chini ya ule udongo? Ule mwili niliuosha mimi wakati wa ugonjwa. Mgongo, miguu, kile kidole. Kanisani tunasema wafu watafufuka. Kama jina linatosha, tunangoja nini?

Jumatano, 23 Machi

Mvua. Nimepanda ndengu, peke yangu.

Mwende aliniuliza, "Mwaitu, mtoto amekukosea nini?" Ananiita mama, kwa lugha yetu, na mimi nikainamia jembe. Aliingia kwake akilia. Mtoto naye akalia. Naona haya.

Jumapili, 27 Machi

Kioko anataka kuhamia Malili, awapeleke mke na mtoto. Kuna kazi ya duka. Hakuficha sababu. "Kama hapa mtoto wangu hana nyanya, Mwaitu, tukae kwa nini?"

Nyumba hii itabaki na mimi na kuku.

Alhamisi, 31 Machi

Shati la mume wangu halina tena harufu yake. Ilikuwa sabuni na ng'ombe. Sauti yake pia inanipotea. Hiyo ndiyo hofu yangu. Nikimshika mtoto nikamwita Musyoka, nitaanza kumsahau yule.

Jumapili, 3 Aprili. Pasaka

Mzee wa kanisa alisoma jinsi Yesu alivyowatokea marafiki zake, akawaonyesha mikono. Alama za misumari bado zipo. Kisha akala samaki. Habari hii naijua tangu utoto. Leo nilisikia mikono.

Hakurudi kama kivuli. Hakurudi ndani ya mtoto wa mtu, kwa jina. Ni mwili ule ule waliouzika, na waliompenda waliujua. Basi hata mgongo nilioosha haujatupwa. Hata kile kidole. Sijui kama Mungu atakinyoosha au atakiacha. Kitakuwa cha Musyoka.

Basi mtoto huyu hana kazi ya kuwa mume wangu.

Nilienda moja kwa moja kwa Mwende. "Nipe mjukuu wangu." Alinitazama sana, kisha akanipa. Nilikunjua vidole vya mtoto. Vyote vimenyooka.

Syombua alikuwa mlangoni. "Haya, umemtambua mumeo?"

"Mume wangu bado namngoja," nikasema. "Huyu ni Musyoka mwingine, na amenikojolea."

Mwende alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu, 4 Aprili

Ndengu zimetoa majani. Nimepalilia kaburini. Kioko amechonga mpini mpya wa jembe na hajataja Malili. Mtoto amelala hapa miguuni pangu.

Chai imeisha. Nimegonga kikombe mwenyewe.

Bwana, siku ile ukimwita Musyoka, wataitika wawili. Unikumbuke na mimi, niwe karibu nao.