Ungo wa Klementina

Ijumaa jioni. Upepo wa Ufipa leo hauna adabu, vumbi mpaka kwenye meno. Nimekaa hapa intaneti kafe ya mjini na sweta juu ya sweta.

Niseme ukweli. Nimemkosea mtoto wa watu.

Mwezi uliopita, kidato cha nne, nilifundisha kiini cha atomi. Nikasema kiini kikipewa nishati kinasisimka, yaani chembe zake zinatikisika, na protoni na nyutroni zinashiriki sawa kwa sawa. Klementina, binti wa kijiji cha Mpui, akanyoosha mkono. Akasema ukitikisa ungo wenye mahindi na ulezi, macho yanaona mahindi yanavyoruka, kumbe ulezi nao unatembea chini kimya kimya. Je, kwenye kiini haiwezi kuwa hivyo?

Nilikuwa nawahi tuisheni. Siku hizi kila mwalimu ana tuisheni yake, nami siko nyuma. Nikamjibu, "Atomi siyo ungo wa mama yako."

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti.

Tangu siku hiyo wenzake wanamwita Ungo. Mkono wake sijauona tena juu.

Leo mchana nimepokea fomu zao za kuchagua masomo ya kidato cha tano. Klementina, wa kwanza wangu kwenye fizikia, kajaza historia, Kiswahili na Kiingereza. Fizikia ameiandika kwanza, halafu akaifuta kwa wembe mpaka karatasi imekuwa nyembamba.

Nikaja hapa kusoma, nikitumaini nimkute amekosea. Jamani! Mtoto alikuwa sahihi. Protoni na nyutroni hazishiriki sawa. Kuna viini ambavyo protoni zimetulia na nyutroni ndizo zinazofanya kazi kubwa. Ila ukipima kwa mwanga unaona zaidi protoni, kwa sababu ndizo zenye chaji. Ili uzione nyutroni vizuri, inabidi ukigonge kiini kwa chembe za aina nyingine, kisha ulinganishe. Niliyakariri ya chuoni, sikuwahi kuuliza.

Kibaya zaidi, nikitoka shuleni nilikutana na mama yake getini. Nikamwamkia shikamoo. Kaja kutoka Mpui na mfuko wa ulezi, kaupepeta mwenyewe, hauna hata jiwe. "Upokee mwalimu, binti yangu anasema unafundisha vizuri sana."

Klementina hakumwambia mama yake. Amenifichia aibu yangu, na mimi nikapokea mfuko kwa mikono miwili.

Fomu zinaondoka Jumanne. Jumatatu naingia darasani na ungo, mahindi, na ulezi ule ule wa mama yake. Nitasema mbele ya wote kwamba nilikosea na yeye alipatia, kisha nitampa fomu mpya.

Wanafunzi watanicheka. Wacha wanicheke.

Ninachoogopa ni kimoja tu: nikiuliza nani ana swali, mkono wake utanyooka?