Mama Mkwe Wangu Ndiye Daktari wa Jicho Langu

Mpendwa Shangazi Maurine,

Naandika karatasi ikiwa karibu kunigusa pua, kwa hiyo mistari ikipanda na kushuka nivumilie, naomba msaada wako kwa jambo ambalo nikimweleza mtu yeyote hapa Malaba atacheka kwanza ndipo anihurumie.

Mimi ni Mjaluo wa upande wa Kenya, wakala wa forodha, kazi yangu ni kushughulikia makaratasi ya malori yanayovuka mpaka, nina mke anayeitwa Prossy, binti wa Jopadhola, yaani watu wa Padhola, wa Sop Sop kule Tororo, na Mungu ametupa mtoto wa kike ambaye sasa anaanza kukaa. Lakini habari yangu inaanza zamani kidogo, nilipokuwa nasoma katika chuo kikuu kimoja kikubwa cha serikali huko Uganda, kwa sababu pale chuoni kuna ukumbi mrefu wa kuelekea maktaba, na ukutani wametundika picha za watu wakubwa waliowahi kusoma pale, yupo jaji aliyewaambia wenye nguvu kwamba sheria ni sheria, yupo mhandisi aliyepeleka maji mahali ambapo watu walikuwa wakichimba mchanga wa mto ili wanywe, yupo mwanahesabu ambaye hata walimu wetu walimtaja kwa sauti ya chini, na katikati yao yupo mwanamke mwembamba mwenye miwani, Daktari Akumu, wa kwanza katika ukanda huu kushona konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, anatoa kilichoharibika anaweka cha marehemu aliyekubali kutoa, na mtu aliyeletwa akishikwa mkono anarudi nyumbani akiongoza wenzake njia. Shangazi, mimi nilikuwa nikisimama mbele ya picha ile mpaka wenzangu wananiacha.

Tulikuwa na desturi yetu wanafunzi, siku ya mtihani kila mtu anapita kwa mkubwa wake, wa sheria wanagusa fremu ya jaji, wa uhandisi wanagusa ya mhandisi, na mimi niliyesoma biashara sikuwa na wangu, nikamchagua Daktari Akumu kwa sababu chini ya picha waliandika anatoka Tororo, na sisi nyumbani siku isiyo na ukungu tunauona mwamba wa Tororo, nikaona huyu ni jirani. Basi nilikuwa nagusa fremu nasema, "Habari ya asubuhi Daktari, leo ni uhasibu, uniombee," na usicheke, sikuwahi kufeli.

Prossy nilimpata baadaye, anafundisha shule ya msingi Mwello, nilimuuliza mama yako anafanya kazi gani akasema yuko hospitali, nikadhani labda ni nesi au anapika, naye Prossy si mtu wa kujigamba na jina analotumia ni la baba yake. Siku tuliyokwenda kujitambulisha Sop Sop msemaji wao akasimama akasema, "Huyu mtoto mnayemtaka ni ya Daktari Akumu, ule wa macho," nikataka kuuliza Akumu yupi lakini moyo ulikuwa umeshajua. Na kumwona sikumwona, kwa sababu kwao kama kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani uso kwa uso, hawashikani mikono, hawali meza moja, yeye alikuwa nyuma ya nyumba na leso kichwani akisimamia masufuria kama mama mwingine yeyote, sauti yake tu ndiyo niliyoisikia, akiuliza jikoni kwa Kiswahili makusudi ili tusikie, "Hawa watu ya Kenya napata nyama, ama mnawapa supu tu?" Wenzangu walicheka, mimi nilikaa kama mtu aliyesikia picha ikisema.

Tangu siku hiyo tumeishika adabu wote wawili kwelikweli. Wakati mmoja soko la Busia niligeuka kona nikamwona, naye akaniona, na kabla sijapata pa kukimbilia, mwanamke aliyefundisha madaktari wa nchi ngapi sijui alichuchumaa nyuma ya lundo la mananasi akajifunika kitenge, mimi nikarudi kinyumenyume mpaka nikakanyaga viatu vya mitumba vya watu, na muuza mananasi akabaki anatuangalia.

Sasa shida ni hii. Jicho langu la kushoto lilianza kuona ukungu kabla hatujaoana, siku hizi ni kama halipo, na la kulia linalifuata, kioo chake kimechongoka kama ncha ya yai na kimekuwa chembamba, miwani haisaidii, juzi nimesoma vibaya namba ya kontena na lori la vitunguu likazuiwa mpakani mpaka likanuka, mwenye mali akanitukana mbele ya madereva, lakini hilo hata si kitu, kitu ni kwamba mtoto wangu akicheka namsikia tu, sijui mdomo wake unakaaje akicheka. Nilikwenda kwa daktari Kisumu akanipima akasema jicho jembamba hivi yeye hathubutu kuligusa, "Nenda kwa mwalimu wangu," nikauliza mwalimu wako nani, akasema Akumu wa Tororo. Nikavuka nikaenda kwa mwingine Kampala, naye akasema vilevile, tena akainuka kitini alipotaja hilo jina.

Nikajikaza nikaenda kliniki yake, nikakaa kwenye benchi na wagonjwa wengine, na mlango ulipofunguliwa nikasikia sauti ileile ya jikoni ikiita jina langu, na Shangazi, sijui nikuambieje, nilifanya kama mkwe mwenye adabu, nikajifunika koti usoni nikatoka mbio nikagonga nguzo ya veranda. Nesi alinifuata na pamba ya kunifuta damu, akaniambia Daktari naye alikuwa ameita jina langu huku amegeukia ukutani.

Jioni Prossy akaja na ujumbe. "Mama anasema wewe nakuja. Anasema macho haina mkwe. Na mimi nachoka kubeba maneno, nyinyi wawili nakaa kama watoto." Ameshaniandikia konea kwa vipimo vya Kisumu, inakuja mwisho wa mwezi huu na haiwekwi muda mrefu, nisipokuwepo anapewa mwingine aliye nyuma yangu na sijui zamu yangu itarudi lini. Lakini baba yangu mdogo Bartholomew, ambaye ndiye mzee wetu aliyebaki, amekataa kabisa. Amesema, "Huyo mama akikushika uso, hiyo ni chira direct. Mtoto ataanza kukonda, na lawama italetwa kwa hii boma yangu." Chira unaijua Shangazi, ile laana ya aliyevunja mwiko, na mimi nina mtoto mchanga.

Na nikuambie yote, hata hiyo chira ikiondolewa leo, bado nitamwogopa. Yule niliyemgusia fremu miaka yote ile, ambaye mpaka leo nikipita chuoni navua kofia, anione nimelala chali natetemeka, mimi wakala wa malori wa Malaba? Nifanye nini, nivunje mwiko au nibaki na ukungu wangu?

Mkwe Mwoga,
Malaba

SHANGAZI MAURINE ANAJIBU

Mkwe Mwoga, pole. Pole hiyo ni moja tu, sasa nisikilize.

Kwanza, umeficha jina lako kwa uangalifu mkubwa, kisha ukaandika la mke, la mama mkwe, la baba mdogo na la kijiji. Malaba nzima inakujua kufikia sasa. Hilo nalo limekwisha, usilihangaikie.

Kuhusu kumwogopa Daktari, nakuelewa kuliko unavyofikiri. Niliwahi kutumwa na gazeti hili kumhoji. Nilikwenda na maswali yangu, nikamkuta anamfungua bandeji mzee mmoja kutoka Mwello, na mzee yule akatazama dirishani akasema kwa mshangao, "Kumbe mvua imenyesha." Maswali yote yalinitoka. Nilichofanya ni kumshikia Daktari sahani ya mikasi, na nilirudi ofisini bila habari, nikagombezwa, na sikujali. Kwa hiyo mtu asikuambie unakuza mambo. Mwanamke huyo ni mkubwa, na kutetemeka mbele yake ni akili timamu.

Ila kuna kutetemeka na kuna kukimbia. Picha uliipenda, ndugu yangu, kwa sababu picha haina la kukuuliza. Unaigusa, unaisalimia, unaenda zako. Sasa mwenye picha amekuita kwa jina lako, nawe umetoka mbio na koti kichwani. Hebu fikiri alitundikwa pale kwa sababu gani. Ni kwa sababu ya macho kama hayo yako. Kama kila anayemheshimu angemkimbia, pale ukutani kungekuwa na msumari mtupu.

Tuje kwenye mwiko. Sitakuambia ni upuuzi, na ukiniona nasema hivyo ujue nimelewa. Mimi ni mtu wa Busia na nina wakwe wangu ninaowapisha njia. Wazee waliweka umbali ule ili mama na mume wa binti yake wasije wakavunjiana heshima, na nyumba nyingi zimesimama kwa sababu yake. Lakini uliwekwa ulinde nyumba, haukuwekwa umpofushe mwenye nyumba. Nilikwenda kumuuliza Mzee Ebong, ambaye huitwa pande zote mbili za mpaka wakwe wakikorofishana. Hakufikiri hata kidogo. "Nyumba ya mkwe nawaka moto, mama mkwe nasimama tu naangalia? Nabeba maji. Kesho ndio wazee wanaleta kuku, wanamaliza hiyo maneno." Basi. Mwiko una mlango wake, na wazee ndio wenye ufunguo. Wewe umekaa nje unalia bila hata kubisha hodi.

Na kwa kuwa mimi ni mbishi, nikampigia simu Winfred, nesi wa chumba cha upasuaji, nikamuuliza siku hiyo nani anamwona nani. Alicheka mpaka nikasubiri. Daktari anavaa kofia mpaka kwenye nyusi, barakoa mpaka chini ya macho, gauni na glavu. Mgonjwa anafunikwa shuka ya kijani kutoka utosini hadi miguuni, na shuka hiyo ina tundu moja tu, la jicho. Tena Daktari hatazami uso wako, anatazama ndani ya hadubini. Sasa niambie, ni wakwe gani wa Padhola au wa Ujaluoni waliowahi kufichana vizuri namna hiyo? Nyuma ya mananasi mlionana zaidi.

Kisha mfikirie na yeye, maana barua yako yote umejifikiria wewe. Huyo ni mama wa Padhola aliyelelewa na adabu hizohizo, ndiyo maana aliita jina lako akiangalia ukuta. Angeweza kukuacha uhangaike kwa wanafunzi wake, heshima yake ibaki safi, na hakuna mtu wa Padhola ambaye angemlaumu. Badala yake amesema uje. Ameiweka heshima yake rehani kwa ajili ya jicho lako, nawe unamjibu kwa kugonga nguzo. Unastahili ile damu.

Sasa fanya hivi, na usiongeze wala kupunguza. Jumamosi hii mchukue baba mdogo Bartholomew, mtafutie kuku mzuri wa kubeba na kitenge cha mama mkwe, mwende Sop Sop kwa ndugu za baba mkwe wako, wao ndio watakaomfikishia. Msiende kwa mama. Baba mdogo ndiye aseme, wewe nyamaza. Aseme kwamba ugonjwa umeingia katika nyumba ya watoto na mnaomba njia. Akikataa kwenda, mwambie Shangazi anauliza: mtoto akianza kutambaa kuelekea barabara ya malori na baba yake haoni, hiyo tutaiita chira ya nani?

Mkeo asitumwe tena na mtu yeyote, anastahili kupumzika. Shangazi yake, dada wa baba yake, ndiye akushike mkono siku hiyo mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na ndiye akupokee ukitoka. Ukiulizwa jambo na Daktari, jibu kwa nesi. Ukimaliza kupona, umbali wenu urudi palepale ulipokuwa, yeye kwake na wewe kwako, na mkikutana sokoni kila mtu atafute mananasi yake.

Na wewe Daktari Akumu, najua gazeti hili linafika Tororo. Kukushauri siwezi, mimi ni nani. Ila Winfred ameniambia kwamba kabla hujaanza huwa unamuuliza kila mgonjwa angependa kuona nini kwanza siku akifunguliwa bandeji. Huyu usimuulize, tafadhali, atashindwa kukujibu kwa adabu. Nakujibia mimi: anataka kumwona mjukuu wako.