Spika Mbili Upande Mmoja

Mwanangu kipenzi,

Sisi wazima, na sebule sasa inaimba! Baba yako, fundi cherehani asiyebadilika, alikwenda dukani na tepu shingoni, akazipima spika kama anazishonea suti. Kubwa alizikataa: "Hizi zitatuhamisha nyumba." Akachagua mbili ndogo, za muziki na televisheni.

Nilidhani ataziweka huku na huku. Wapi! Zote kazipanga kushoto kwa kiti chake. Nilipombana, akakiri sikio la kulia halisikii tangu mwaka jana.

"Mtoto asijue, atakata tiketi leo leo."

Basi mimi sijakuambia kitu.

Kumbe mwaka mzima nilikuwa namnunia bure, nikisema hanijibu makusudi. Kiti changu kilikuwa upande wake wa kulia. Nimeshahama.

Mama yako, wa kushoto