Kiboko Niliyempaka Rangi

Bahati, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi mahali pazuri, kifua kimetulia na lile goti limekuacha upumue. Mama je, kikohozi cha asubuhi kimepungua? Mwende amesharudi shuleni? Na mvua, imewafikia safari hii au imepita juu tu ikaenda kwa wenzetu wa milimani? Mimi mwilini ni mzima. Kilicho kibaya utakisikia huku mbele.

Kabla hatujafika mbali nina ombi. Najua barua zangu husomwa na katekista pale kibandani, wachongaji wote wakiwa wameweka tezo chini wasikilize. Kama ni katekista aliyeifungua hii, namwomba kwa heshima aikunje hapa hapa. Mpe Mwende akusomee nyumbani, mlango ukiwa umefungwa. Na wewe Mwende, dada yangu, soma yote. Usiruke mahali kwa kunionea huruma.

Baba, kazi yangu katika kliniki ya daktari wa meno, hapa barabara ya Jogoo, unaijua. Nafungua mlango, napeleka barua posta, na natunza lile tangi la kioo lililoko chumba cha kungojea. Watu huja wameshika mashavu, wakiwatazama wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi wanasahau maumivu kidogo. Kazi hii niliipata kwa mkono wa Nekesa, jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa watoto watatu kutoka upande wa Bungoma. Yeye alikuwa akisafisha pale kliniki miaka mingi kabla yangu. Ndiye aliyemwambia Daktari kwamba anamjua kijana Mkamba asiyelewa. Kila asubuhi alipokuwa akitoka alinigongea mlango kwa kiganja na kupaza sauti plot yetu nzima ya vyumba vya kupanga isikie: “Daktari wa samaki! Ati bado umelala? Wagonjwa wako wanakungoja!” Halafu tulitembea pamoja mpaka kazini.

Jina hilo la daktari wa samaki nililipata kwa haki, hilo nitasema. Mwaka jana samaki walitokwa na vidoa vyeupe mwili mzima, mtu angedhani wamenyunyiziwa chumvi. Daktari alikuwa na kijitabu, nikakisoma mpaka nikakijua. Vile vidoa ni vidudu. Hushika ngozi ya samaki, vikishiba huanguka chini kwenye changarawe, huko vikazaana, kisha vitoto vyake hupanda tena kutafuta samaki. Ndiyo maana hata vidoa vikitoweka hutakiwi kuacha dawa. Nilipasha maji joto pole pole, nikatia chumvi kwa kipimo, na dawa ya buluu kutoka duka la dawa. Nilikuwa naweka maji mapya ndooni siku nzima kabla ya kuyatumia, ili ile dawa inayotiwa kwenye maji ya mfereji itoke. Samaki mmoja tu alikufa. Daktari aliwaita wagonjwa wa meno waje waone kazi yangu, nami nikavimba kichwa. Nadhani ubaya wote ulianzia hapo, kwenye kuvimba kichwa.

Ndipo nilipokuandikia unichongee kitu cha kupamba tangi. Ukanitumia kiboko. Baba, niliposhika kile kiboko niliona vidole vyako kila mahali, ile mikunjo ya shingo, yale masikio madogo. Ulimtoboa tumbo ukamtia kokoto na kuziba kwa nta ili azame. Na ulituma neno, nalikumbuka vizuri: “Usimpake kitu. Ni mti mweupe, na mweupe ndio rangi yake. Maji yatamng'arisha yenyewe.”

Mimi nilimpaka.

Nilimwona mweupe, nikaona aibu. Nilimfikiria yule msichana wa mapokezi, na wagonjwa wenye suti, nikajua watasema ni mti wa kuni. Basi nikafanya lile ambalo wewe peke yako pale kibandani ulikataa kulifanya maisha yako yote. Nilinunua rangi nyeusi ya viatu, nikampaka, nikamsugua kwa kitambaa, nikampaka tena, kama vijana wa kibandani wanavyowafanyia watalii. Akawa mweusi anang'aa. Nikamlowesha mchana mmoja tu, nikamtia tangini, na harufu ile ya rangi sikuisikia hata kidogo kwa sababu nimelelewa ndani yake. Daktari alipouliza ni mti gani, nilimwambia ni mpingo.

Siku ya tatu samaki walianza kujisugua kwenye mawe. Wakapanda juu wote, midomo nje, wakihema. Ngozi zao zikafanya ukungu. Mimi daktari mkubwa nikasema vidudu vimerudi. Nikatia chumvi, nikaongeza joto, nikatia dawa ya buluu mpaka tangi likawa halionekani ndani. Wakazidi kuhema. Nikaongeza dawa. Maji ya moto hayana pumzi nyingi, kijitabu kilisema hivyo waziwazi, lakini mtu aliyesifiwa hasomi mara ya pili. Kufikia Jumatano walibaki wawili. Niliwatoa nikawatia kwenye karai lenye maji safi, bila dawa yoyote, nikakata tamaa.

Alhamisi asubuhi nikawakuta wale wawili wanaogelea vizuri. Nikafurahi sana, nikamchukua kiboko kutoka kwenye tangi nikamweka karaini ili wasiwe wapweke. Kabla ya saa sita wamepanda juu tena wanahema. Nikainama, na safari hii niliona juu ya maji utando mwembamba wa mafuta wenye rangi rangi. Ndipo nikajua ni ile rangi ya viatu. Nilimtoa kiboko nikamfunga ndani ya gazeti na kumtia mfukoni mwa koti. Sikumwambia mtu.

Sasa sikia lililo baya zaidi.

Ijumaa Daktari alituita chumba cha kungojea. Msichana wa mapokezi alisema alimwona Nekesa akipangusa kioo cha tangi kwa kitambaa cha sabuni. Nekesa akasema, “Nilipangusa nje, Daktari. Nje tu. Mimi najua maji ni ya Kyalo.” Daktari alikuwa na hasira, aliwapenda wale samaki. Akanigeukia akaniuliza, “Kyalo, wewe unajua mambo haya. Sabuni inaweza kuua samaki?”

Kiboko alikuwa mfukoni, Baba. Nilikuwa nahisi pua yake ikinigusa ubavu. Nikasema, “Inaweza, Daktari.”

Ni kweli sabuni inaweza kuua samaki. Sikusema neno lolote la uongo, na sijawahi kudanganya hivyo tangu nizaliwe. Nekesa alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama akingoja niendelee, kwa sababu alijua nitaongeza kitu cha kumtetea. Sikuongeza, na Daktari akamwambia kazi yake imeishia hapo. Akavua aproni akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti.

Nilijiambia nakulinda wewe. Nilisema moyoni, nikisema ni kiboko, watasema kazi ya baba yangu ni sumu. Siku nyingi nililala na maneno hayo. Lakini wewe hukumpaka rangi, Baba. Wewe ulinikataza. Nilikuwa najilinda mimi, nikaliweka jina lako mbele yangu kama ngao. Kwa hilo naona aibu kuliko kwa samaki wote.

Wiki tatu zikapita. Mume wa Nekesa ni kibarua kiwandani, kuna siku anaitwa na siku anarudishwa langoni. Nekesa akaanza kukaanga mandazi na kuyauza pale kwenye kona karibu na mfereji. Mimi nilikuwa naamka mapema nizunguke nyuma ya nyumba nisikutane naye. Chakula kilinishinda. Na yeye alipoona nimekonda, unajua alifanya nini? Alianza kuniletea bakuli jioni. Ugali, na ile mboga yao ya mrenda inayoteleza, ambayo zamani nilikuwa nikimtania kwamba inakimbia sahani yenyewe. Alikuwa anaiweka mezani na kusema, “Kula, ndugu yangu. Usijikondeshe kwa ajili yangu. Si wewe uliyenifukuza.”

Nilikula, Baba. Kila siku nilikula na kumshukuru.

Kisha barua yako ikafika. Uliuliza kiboko anaendeleaje, ukasema katekista aliwasomea wachongaji ile barua niliyoandika kiboko alipoingia tangini, jinsi watu wa Nairobi wanavyomsifu, na kwamba umeanza kumchongea mke. Nilikuwa bado nimeishika wakati Nekesa alipoingia na bakuli. Kiboko nilikuwa nimemtoa gazetini siku hiyo nikamweka dirishani. Akamchukua, akamgeuza geuza.

“Aki huyu ni mzuri hata nje ya maji,” akasema. “Ni mzee wako alichonga?” Halafu akamsogeza puani. “Lakini mbona ananuka kiatu?”

Wiki tatu nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya busara. Hayakuja. Nilisema tu, “Ni huyo. Ni huyo aliyewaua samaki. Nilijua siku ile.”

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Alimrudisha kiboko dirishani akimtazamisha nje kama alivyokuwa, akaniuliza pole pole, “Kwa hiyo mboga yangu ulikuwa unakula ukijua?”

Nikasema ndiyo.

Akachukua bakuli, bado limejaa, akatoka. Nilimsikia akiliosha mferejini. Aliliosha muda mrefu.

Jumatatu nilikwenda kwa Daktari kabla hajavaa koti lake jeupe. Nilimwambia yote, rangi ya viatu, karai, gazeti, hata kwamba si mpingo. Nilidhani atanifukuza na nilikuwa nimejiandaa. Yeye akasema, “Samaki hununuliwa, Kyalo. Lakini ulimwacha mama wa watu avue aproni mbele yetu, wewe umesimama.” Akanituma nimwite Nekesa. Nilisimama mlangoni pake nikasema Daktari anakuita, na mimi nimemwambia ukweli. Akajibu, “Nimesikia.” Siku hiyo hiyo alirudi kazini, na Daktari mwenyewe alimwomba msamaha mbele ya msichana wa mapokezi. Mimi nimeachwa kwenye mlango na barua. Tangi limewekwa samaki wapya, na anayelitunza sasa ni Nekesa. Nilimwachia kijitabu kwenye kiti. Nilimwona juzi akinusa ndoo kabla ya kumimina.

Mimi na yeye tunasalimiana. “Habari.” “Nzuri.” Basi. Nimejaribu kumwomba msamaha mara mbili, mara zote ananiambia, “Yamekwisha hayo, Kyalo,” kwa sauti ile mtu anayotumia kwa karani wa ofisini. Hayajakwisha. Asubuhi nasikia viatu vyake vikitoka, vinapita mlangoni pangu, havisimami.

Ndiyo sababu nakuandikia. Kwetu kijana akimkosea mtu mzima haendi peke yake, huenda na mzee wake, na mzee ndiye huanza kusema. Nimeuliza, na kwao pia ni hivyo. Nakuomba uje Nairobi, Baba. Najua goti ni baya na safari ya basi ni ndefu, na najua nakuita uje kuona haya mbele ya mtu usiyemjua kwa kosa ambalo ulinikataza. Sina mwingine wa kunisindikiza kutoka mlango wangu mpaka wa pili. Ni hatua nne tu, na nimeshindwa kuzipiga vizuri.

Kiboko nimemsugua kwa msasa siku tatu. Mgongoni weupe wake umerudi, lakini kwenye mikunjo ya shingo, pale ulipochonga kwa ustadi zaidi, weusi haujatoka. Ukija utaniambia kama unaweza kutolewa.

Msalimie Mama, umwambie mwenyewe kwa maneno yako, mimi sina uso. Msalimie Mwende, aliyelazimika kuyasoma haya yote kwa sababu yangu. Mjomba anayenoa tezo, mpe mkono wangu. Katekista nimemkosea heshima hapo juu, anisamehe. Na wachongaji wote, wakiuliza habari za kiboko, waambie kazi yako haikuwa na dosari yoyote, na kwamba mwanao ndiye aliyempaka rangi. Waambie wazi, nakuruhusu. Nimebadili mawazo tangu nianze kuandika: ukimaliza kusomewa na Mwende, mpe katekista aisome kibandani.

Nakungoja. Nitakuja kukupokea pale mabasi ya kwetu yanapoteremsha watu, siku yoyote utakayosema.

Mimi mwanao, ambaye siku hizi anaamka bila kugongewa,

Kyalo