Baba Mkwe Wangu Ana Miaka Miwili

Bi. Mwanahalima, shikamoo. Nakuandikia nimesimama, maana kiti kimekaliwa na baba mkwe wangu, naye baba mkwe huyo ana miaka miwili na miezi minne na nimemzaa mimi mwenyewe.

Usicheke, mama, nisikilize. Mimi ni Mkisii, mwalimu wa chekechea hapa Junju, na mume wangu Karisa ni Mgiriama, anahudumu hotelini kule Bofa na huvuka daraja kuja nyumbani Jumapili tu. Mtoto wetu wa kwanza tulimpa jina la babake Karisa, mzee Randu, kama ilivyo desturi yao, na hata kwetu tunarithisha majina, lakini kwetu mtoto hubaki mtoto, anakanywa na kuogeshwa kama wenzake. Mzee alifariki mwaka jana na hapakuwa na neno. Mtoto alikuwa mtulivu, nilikuwa nakwenda naye darasani, kengele ya mchana ikilia nawaambia wale watoto arobaini, "Haya, nendeni kwenu!" wanatawanyika, tunabaki mimi na yeye tunakula mhogo wetu. Basi tangu Juni amegeuka, ghafla tu, anauma watu, anatupa sahani, anajilaza chini njiani, suruali hataki, uji hanywi mpaka utiwe katika kata ya marehemu, na fimbo ya marehemu ameichukua anawachapa nayo kuku. Mama mkwe wangu, Kahonzi, badala ya kumkanya akapiga kigelegele: "Mume wangu karudi! Randu alikuwa mkali hivi hivi!"

Tangu siku hiyo sina mtoto, nina mkwe. Kumkaripia siruhusiwi, maana mke wa mwana hamkaripii baba mkwe. Kumwogesha siruhusiwi, maana utautazamaje uchi wa mkweo? Leo ni siku ya tisa hajaguswa na maji, na ananuka, nisamehe, kama beberu. Wageni wanamwamkia shikamoo. Juzi Dzombo, baba mdogo wa Karisa, alikuja na jirani kwa ule ugomvi wa mpaka wa shamba, mtoto akatoka nje, akakojoa kando ya mkorosho, Dzombo akasema, "Mzee ameonyesha," wakapanda mkonge papo hapo kuwa alama ya mpaka, na jirani akakubali, akashukuru, akaenda zake!

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini Ijumaa nilikuwa nimempakata mdogo wake (nilisahau kusema, Juni nilijifungua binti, mzima, hasumbui), Randu akaja, akaikamata leso yangu, akapiga kelele mbele ya watu, "Nenda kwenu!" Mama mkwe akaangusha uteo wa mchele. "Tsawe amenena," akasema, yaani babu amesema. Sasa ni kila siku, leso mkononi, "Nenda kwenu! Nenda kwenu!" na Jumapili ya mwisho wa mwezi wazee watakaa kuamua kama neno la marehemu litimizwe, mimi nirudishwe Kisii na watoto wabaki. Karisa anasema hawezi kumpinga babake. Nikamwuliza, babako yupi? Nawamudu watoto arobaini kila asubuhi, huyu mmoja amenishinda, na nampenda hata nikimnusa. Nifanye nini kabla sijafungiwa mizigo?

Nyaboke, mke wa mwana, Junju

*

Marahaba, mwanangu Nyaboke. Nimecheka, sikufichi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya tatu nikamsomea jirani. Kisha nikakasirika, na wa kwanza niliyemkasirikia ni wewe.

Umenijazia kurasa za kuku na kata na mkonge, halafu binti mzima wa kuzaa umemtia kwenye mabano. "Nilisahau kusema"! Ala! Wewe umesahau, Randu hakusahau. Umejifungua Juni, mtoto kaharibika Juni, na mwalimu mzima hukuona? Jana alikuwa anakula mhogo na mamake peke yao, leo pale mapajani pana mtu mwingine, tena hana hata meno. Hata mimi ningeuma watu.

Sasa hilo neno lenyewe. Marehemu hakulileta kutoka kaburini, mtoto amelisikia kwako. Kila mchana ulikuwa ukilitamka, watoto wote wanaondoka, anabaki yeye na mama. Basi analijaribu kwa huyu mmoja aliyekataa kuondoka. Hakufukuzi wewe, mwanangu. Anamfukuza kichanga! Na leso anaishika usije ukafuatana naye.

Mavyaako Kahonzi usibishane naye, utashindwa. Piga goti umwambie, "Mama, umesema kweli, huyu ni mumeo, mimi namwonea haya." Kisha mwachie mumewe. Amwogeshe yeye, amlishe yeye, abadilishe yeye mkeka uliokojolewa, amkimbize mume asiye na suruali mpaka dukani mbele za watu. Usimsaidie hata kwa kopo la maji. Magoti yake nayajua, yangu ndiyo hayo hayo. Nampa siku mbili, ya tatu atakuletea mwenyewe: "Shika mwanao."

Ukishamshika, mwogeshe, na kila siku kichanga kikilala toka na Randu, wawili tu, na mhogo wenu. Akiuma, mkanye kama unavyowakanya wale arobaini. Akitupa sahani, aiokote. Karisa naye avuke daraja Jumamosi, asingoje kukuta wazee wameshakaa, na mwambie nimesema mwanamume anayemwogopa babake wa miaka miwili hana haki ya kuvaa suruali ndefu. Ule mpaka uacheni hapo hapo. Jirani ameshukuru, mnataka nini tena?

Siku ya kikao usilie wala usijitetee. Mpe Kahonzi kichanga ashike. Randu mpakate wewe, peke yake, mbele yao wote. Kisha mwombe Dzombo, kwa heshima, amwulize mzee: huyu mkaza mwana aende kwao? Halafu watazame wote ile mikono yake miwili, itakavyoikamata leso.